Barua ya wazi kwa maaskofu, waangalizi na wazee wa kanisa: neno la sadaka nalo ni mahubiri

Baba Maaskofu, Waangalizi, Wachungaji Viongozi na Wazee wa Kanisa, Tanzania na Kenya,

Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia ninyi kwa sababu mimbari iko chini ya ulinzi wenu. Ninyi ndio mnaoamua nani awekewe mikono, nani aalikwe kwenye semina, nani asimame kabla ya sadaka na mtoto wa kipaimara afundishwe nini. Mafundisho yenye uzima, kama Paulo anavyoyaita akiwaandikia Timotheo na Tito, hayakuondolewa makanisani kwa azimio la kikao chochote. Katiba zetu bado zinamkiri Mungu wa Utatu, na kanuni ya imani bado imechapwa katika vitabu vya nyimbo. Lakini yaliyoandikwa humo hayasikiki sana Jumapili, na yanayosikika Jumapili mara nyingi hayajapimwa na mtu yeyote.

Gharama yake mnaijua. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa katika uwanja mjini Moshi wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Haya hayakutokea mahali pasipo na Biblia. Biblia ya Kiswahili ya Union imekuwa mikononi mwa watu tangu 1952, na ndani yake Yakobo 5:14 inaeleza utaratibu ulio kinyume kabisa na ule wa uwanjani: mgonjwa abaki kwake, awaite wazee wa kanisa, wao ndio waende, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hakuna anayekimbia, na hakuna chupa inayouzwa. Aya hiyo iko wazi hata kwa mtoto wa darasa la tano. Ni nani aliyewafundisha waumini, kwa utulivu, aya kwa aya?

Tuanze na sehemu ya ibada ambayo vikao vyenu haviijadili kamwe: neno la sadaka. Hubiri lina mhubiri aliyepangwa, pengine na kalenda ya masomo. Neno la sadaka hupewa mzee wa zamu asubuhi ile ile, au mgeni anayesemekana ana mzigo wa utoaji. Linachukua dakika kumi, mara nyingine ishirini, na likirudiwa kwa zaka, kwa ujenzi na kwa mbegu (sadaka inayotolewa kwa kutarajia kurudishiwa zaidi), linaweza kuzidi hubiri lenyewe. Kwa Jumapili 52 za mwaka, hii ndiyo theolojia ambayo muumini anaishika kuliko nyingine zote, kwa sababu anaisikia huku mkono wake uko mfukoni. Na theolojia hiyo humfundisha kwamba Mungu ni mdaiwa wa yule anayetoa na adui wa yule asiyetoa.

Tazameni maandiko yanayotumika. Luka 6:38, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa", imetanguliwa na aya ya 37 inayokataza kuhukumu na kuamuru kuachilia. Yesu anazungumzia ukarimu na rehema kwa watu, hata kwa adui, wala hakuna kapu la sadaka mahali pale. Mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17 huletwa kama mfano wa mtu aliyetoa cha mwisho ili avunje umaskini. Lakini Eliya alitumwa kwake wakati wa njaa, na mwisho wa habari ni kwamba mjane, mwanawe na nabii wote walikula. Yesu mwenyewe anamtaja mjane huyo katika Luka 4:25-26 kuonyesha kwamba rehema ya Mungu iliwafikia wageni.

Kisha Malaki 3:10, andiko linalosomwa kuliko yote. Zaka ya Israeli iliwalisha Walawi wasiokuwa na urithi wa ardhi (Hesabu 18:21-24), na kila mwaka wa tatu iliwalisha pia mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Sura ya 1 ya Malaki inawakemea makuhani walioleta wanyama vipofu na vilema madhabahuni, na sura ya 2 inafunguliwa kwa amri inayowahusu wao moja kwa moja. Aya tano tu kabla ya ile ya zaka, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa katika mshahara wake, pamoja na mjane na yatima. Kiongozi anayemtishia laana mama anayeuza mchicha, huku mlinzi wa kanisa hajalipwa miezi mitatu, ameisoma aya ya 10 na kuiruka aya ya 5.

Malimbuko ya Januari yanahitaji kusemwa peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati 26 mkulima anatia kapuni sehemu ya kwanza ya mazao, anakiri jinsi Mungu alivyowatoa Misri, kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Leo mwajiriwa anaambiwa alete mshahara wote wa Januari, mwezi wa ada, sare na kodi ya nyumba. Akiutoa, kifuatacho ni mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na kufikia Machi anadaiwa zaidi ya alichotoa. Mafanikio yasipokuja anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Hapo ndipo wengi huacha kanisa kimya kimya, na wengine huhamia kwa nabii anayeahidi kikubwa zaidi.

Tunapendekeza hivi. Neno la sadaka lisizidi dakika tatu. Liandikwe, na mchungaji aliye zamu alione kufikia Ijumaa. Kanisa litunge jedwali la maandiko ya kutosha robo mwaka, yakitoka hasa katika 2 Wakorintho 8 na 9, 1 Wakorintho 16:1-2, Wafilipi 4:10-19 na Matendo 4:32-35. Yapigwe marufuku mambo mawili: kumwahidi mtu kiasi au muda wa kurudishiwa, na kumtishia laana asiyetoa, kwa maana Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, badala ya neno la sadaka, isomwe taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi uliopita. Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu alitaka watu wengine waliochaguliwa na makanisa wasafiri pamoja naye, ili asilaumiwe na mtu kwa ajili ya fedha ile (2 Wakorintho 8:19-21). Kama mtume aliona haja ya mashahidi, mhasibu wa usharika naye anawahitaji.

Msidhani tunapigania desturi za kizungu dhidi ya imani ya Kiafrika. Mafundisho ya "mbegu ya imani" yalienezwa na mhubiri wa Marekani, Oral Roberts, na kutufikia kwa vitabu, kanda na televisheni. Waliokaa Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 na kuandika tamko la kuyapinga kwa Maandiko walikuwa wanatheolojia wa Afrika. Na aliyetetea uungu wa Kristo baada ya mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 hadi akafukuzwa kwake mara tano ni Athanasio, askofu wa Aleksandria. Kulinda mafundisho ni urithi wa bara hili.

Sasa mimbari yenyewe. Kosa kubwa la wahubiri wengi ni kuchukua aya moja, kuifunga Biblia na kuendelea na mambo yao. Yeremia 29:11 ni mfano mzuri, kwa kuwa imebandikwa kwenye kuta, kadi na daladala: Mungu anayo mawazo ya amani juu yetu na tumaini siku zetu za mwisho. Rudini aya moja nyuma: ahadi hiyo itatimia baada ya miaka 70 Babeli. Wengi wa waliosikia barua ile wangefia uhamishoni. Rudini sura moja zaidi: nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli ingevunjwa na vyombo vya hekalu kurudi. Watu walipenda unabii wake kwa sababu ulikuwa wa haraka. Yeremia akamwambia amewatumainisha watu uongo, na mwaka ule ule Hanania akafa. Kisha katika sura ya 29 Yeremia anawaandikia mateka wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji waliohamishiwa, wala wasiwasikilize manabii wanaowadanganya. Kwa hiyo aya inayotumiwa leo kutangaza upenyo ndani ya siku saba iliandikwa kuwakanusha watangazaji wa upenyo wa haraka. Ikihubiriwa ndani ya sura yake, inampa nguvu mtu aliyesubiri mtoto miaka kumi na miwili au anayemuuguza mzazi asiyepona. Ikiondolewa humo, inamwacha mtu huyo mikono mitupu siku ya nane.

Vivyo hivyo "kichwa wala si mkia" ya Kumbukumbu la Torati 28. Sura ina aya 68: 14 za baraka na 54 za laana, zote zikiwa za agano la Mungu na taifa la Israeli kwa mkono wa Musa. Anayejitwalia zile 14 aeleze anafanya nini na 54 zinazobaki, na hawezi kueleza bila kufika msalabani. Wafilipi 4:13 iliandikwa na mfungwa anayesema amejifunza kushiba na kuona njaa. 3 Yohana 2 ni salamu ya mzee kwa rafiki yake Gayo, na barua hiyo hiyo inaendelea kumkemea Diotrefe, kiongozi apendaye kuwa wa kwanza.

Kuhusu uponyaji tunaomba uangalifu wa pande zote mbili. Isaya 53 inatumika na Mathayo 8:17 kwa habari ya magonjwa aliyoponya Yesu, na 1 Petro 2:24 inaitumia kwa habari ya dhambi. Mhubiri asifiche hata moja. Tunawaombea wagonjwa, na Mungu huponya. Lakini Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20), na Timotheo aliagizwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara. Basi mtu yeyote anayemwambia mgonjwa wa VVU, kisukari au kifua kikuu aache dawa ili aonyeshe imani, azuiwe kuhubiri siku hiyo hiyo, kabla hata ya kikao.

Dawa ya aya zilizokatwa ni kuhubiri kitabu kizima kwa mfululizo. Injili ya Marko ina aya 678. Ukichukua wastani wa aya 15 kila Jumapili unaimaliza kwa Jumapili 45 hivi, na zinabaki za Pasaka, Krismasi na mavuno. Waefeso, yenye aya 155, inatosha miezi mitatu. Tito ina aya 46, wiki tano, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu inawahusu wazee wenyewe. Makanisa yenye kalenda ya masomo yaifuate kweli. Kusoma somo kisha kuhubiri jambo jingine ni sawa na kutokuwa na kalenda. Mfululizo huvunjika kwa sababu tatu tunazoziona kila mahali: mgeni anapewa Jumapili bila kupewa andiko, mhubiri anachukua sura nzima na kubaki akisimulia tu, au hajajiandaa na anachukua hubiri la mtu kwenye simu. Kwa la kwanza, barua ya mwaliko itaje andiko. Kwa la pili, mhubiri aandike sentensi moja ya ujumbe wa kifungu kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Asipoweza, bado hajakielewa.

La tatu ni gumu zaidi, na hapa tunawaomba muwe wakweli. Mchungaji mmoja anahudumia mitaa mitano au sita, ana mazishi matatu kwa wiki na vikao vya ujenzi kila jioni. Wanaohubiri kwa kweli ni wainjilisti na wazee, na hao ndio waliopata mafunzo machache kuliko wote. Hubiri la dakika 35 linahitaji saa nane za maandalizi kwa mtu aliyesoma, na zaidi kwa ambaye hakusoma. Basi mchungaji awakusanye wahubiri wote wa mitaa kila Jumanne kwa saa mbili, wasome pamoja kifungu kimoja, wakubaliane maana yake, na Jumapili mitaa yote ihubiriwe kifungu hicho. Haigharimu chochote zaidi ya nauli na chai. Vyuo tunavyo, kama Makumira na Limuru, na masomo ya theolojia kwa enezi yapo kwa wasioweza kuacha shamba na familia. Tengeni ada ya wainjilisti wawili kila mwaka katika bajeti ya usharika kabla ya kununua spika mpya.

Katekisimu imekuwa kazi ya kumpa kijana asiye na kazi nyingine. Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki kukagua sharika za Saxony, akakuta watu, hata wachungaji, wasiojua Sala ya Bwana, kanuni ya imani wala Amri Kumi. Mwaka uliofuata alitoa katekisimu ndogo ambayo Walutheri wanaitumia hadi leo. Wareformati nao waliipanga ya Heidelberg ya 1563, yenye maswali 129, katika Jumapili 52. Kanisa lenye haraka linaweza kufanya kozi ya wiki 36: nane za Amri Kumi, 14 za kanuni ya imani, sita za Sala ya Bwana, nne za ubatizo na Meza ya Bwana, na nne za namna ya kusoma Biblia. Kila kipindi kiwe na dakika 75: 15 za kukariri, 30 za kusoma andiko, 20 za maswali, kumi za maombi. Kukariri peke yake hakutoshi, maana mtoto anaweza kutiririsha majibu yote bila kuelewa hata moja. Mtihani wa mwisho uwe kumweleza mzazi au mlezi, mbele ya mzee mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini Kristo alikufa. Na mwalimu abadilishe mifano mibovu. Ule wa maji, barafu na mvuke, ambao karibu kila darasa la Utatu hupewa, unafundisha kosa la Sabelio la karne ya tatu: Mungu mmoja anayebadili sura. Mathayo 3:16-17 inatosha bila mfano: Mwana yuko mtoni, Roho anashuka, Baba anasema, wote kwa wakati mmoja.

Kuhusu kuwekwa wakfu, cheti kisiwe mwisho wa uchunguzi. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, na makanisa mengi yalifungwa kwa kutotimiza masharti ya majengo, usafi na kelele. Serikali inaweza kupima vyoo, sauti na vyeti. Haiwezi kupima kama mtu anamhubiri Kristo aliyesulubiwa. Kazi hiyo mmepewa ninyi. Mpeni mtarajiwa saa mbili za maswali mbele ya wazee: Utatu, Kristo Mungu kweli na mtu kweli, kuhesabiwa haki kwa imani, mamlaka ya Maandiko, kanisa na sakramenti. Mpeni kifungu, saa 48, na alete hubiri lililoandikwa. Kisha maswali ya kichungaji: mama aliyeambiwa na nabii aache dawa atamjibu nini? Kijana anayeamini laana ya ukoo inamzuia kuoa atafunguliwa Ezekieli 18:20 au atauziwa maombi ya kukata maagano? Majibu ya maswali haya mawili yatawaonyesha mengi kuliko matokeo yake ya chuo.

Nyimbo zipitiwe pia. Inasimuliwa kwamba Ario, yule aliyekana uungu kamili wa Kristo, alieneza mafundisho yake kwa nyimbo za watu wa kazi. Kwaya hufundisha zaidi ya mhubiri, kwa kuwa wimbo huenda nyumbani. Mchungaji asome maneno kabla ya kwaya kurekodi. Inatosha hivyo.

Nidhamu ya viongozi ndipo mengi yanapokwama. Kila mchungaji anapoulizwa jambo, "msiguse masihi wangu" ya 1 Nyakati 16:22 hutolewa kama ngao. Maneno hayo yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni, na wanaoonywa ni wafalme waliotaka kuwadhuru. Paulo alimpinga Petro mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). 1 Timotheo 5:19-20 inampa mzee haki ya mashahidi wawili au watatu, na inaagiza akemewe mbele ya wote akidumu katika dhambi; haki zote mbili zilindwe. Unabii nao usizimwe wala usiachwe hivi hivi: 1 Wakorintho 14:29 inataka wengine wapambanue. Anayesema Bwana amemwonyesha jambo juu ya mtu, ndoa, ugonjwa au fedha, alinene kwanza mbele ya wazee wawili, liandikwe kwa tarehe, na likishindwa lisomwe tena mbele ya wale wale waliolisikia.

Tunajua mkifanya haya sadaka itashuka, pengine kwa miezi kadhaa, na baadhi ya watu watahama. Wahasibu waambiwe mapema, miradi isiyo ya lazima isimamishwe, na mishahara ya watumishi wa chini ilindwe kwanza. Kikao kisipojiandaa kwa hilo, mwezi wa tatu mtu atapendekeza aalikwe mgeni wa kuchangisha, na kazi yote itarudi nyuma.

Tunaomba mambo matatu kwenye vikao vyenu vijavyo: mwongozo wa neno la sadaka, kipindi cha Jumanne cha wahubiri, na maswali ya kuwekwa wakfu. Yafanyike kabla ya Desemba, maana bahasha za malimbuko hugawanywa kwenye mkesha wa mwaka mpya, na nyingi huchapwa Novemba. Mwaka huu zisiende kwa mpiga chapa.

Wenu katika Kristo,
Walimu wa katekisimu, wainjilisti na wazee wa kanisa